Kidonda Huanzia Ndani: Hesabu ya Vipande Vidogo na Utunzaji wa Wazee Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru)

  

Kamati ya maandalizi ilipotuomba tuzungumze kwa niaba ya wauguzi, tulidhani tutaambiwa tuseme tena juu ya presha na kisukari kama kila mwaka. Safari hii kamati imesema, "Tuleteeni jambo la sayansi, vijana nao wasikie." Basi tumeleta jambo la sayansi, tena la hesabu. Mtuwie radhi kidogo, maana linaanzia kitandani kwa mgonjwa. Huko ndiko sisi tulikokutana nalo.

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 tumekuwa tukiambiwa kwamba maadui wa taifa ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Leo tutasema juu ya wawili wanaosaidiana, yaani maradhi, na ujinga unaoyaficha yasionekane. Ujinga wenyewe ulikuwa wetu sisi, wenye shahada za uuguzi tulizozipata huku ugenini.

Mama yetu kutoka Tanga

Baadhi yenu mtamkumbuka mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Familia yake imeturuhusu tusimulie. Alitoka Tanga kuja kumtembelea binti yake, akafika wakati wa baridi. Asubuhi moja aliteleza kwenye barafu nje ya mlango, nyonga ikavunjika. Alifanyiwa upasuaji na upasuaji ukaenda vizuri. Baada ya hapo akawa mtu wa kulala. Alikuwa na maumivu, lakini alilelewa kutosumbua watu. Kila tulipomuuliza hali alijibu, "Sijambo wanangu, msihangaike."

Baadhi yetu tulikuwa zamu katika wodi hiyo. Tulimgeuza, tulimwogesha, na kila siku tulitazama ngozi ya mgongo, ya makalio na ya visigino. Kwenye fomu tuliandika: ngozi nzima, hakuna wekundu. Hatukudanganya, tuliandika tulichokiona. Siku ya sita ngozi iliyo juu ya kifandugu ikageuka rangi, ikawa kama zambarau iliyoiva. Siku chache baadaye ikafunguka, na chini yake palikuwa na shimo la kuingia vidole viwili, karibu kufika kwenye mfupa.

Binti yake alituita pembeni. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada zangu, mlikuwa mnamwangalia kila siku. Mlikuwa mnaangalia nini?"

Hatukuwa na jibu. Mama yule alipona, lakini safari iliyokuwa ya miezi miwili ikawa ya miezi saba, na muda mwingi aliutumia akiwa amelala kifudifudi au ubavu, akibadilishiwa bandeji. Alirudi nyumbani Tanga akiwa amekonda, na sisi tukabaki na lile swali.

Jibu lilikuja miezi mingi baadaye, katika siku ya mafunzo ya wauguzi. Mtoa mada alikuwa mhandisi. Tulitazamana, tukajiuliza mhandisi anatafuta nini kwa wauguzi. Akaonyesha picha ukutani. Ilikuwa makalio ya mtu aliyeketi, yamekatwa katikati kama papai, na yamejaa vijipande vya rangi: buluu, kijani, njano na nyekundu. Mmoja wetu alinong'ona kwamba ni ramani ya hali ya hewa. Kwenye ngozi palikuwa na buluu na kijani. Nyekundu, yaani mahali palipoumizwa zaidi, ilikuwa ndani kabisa, kwenye msuli uliobanwa na mfupa.

Pale pale tulielewa tulichokuwa tukikitazama siku zile sita. Tulikuwa tunatazama sehemu ya buluu.

Hesabu yenyewe ni ipi

Picha ile haikupigwa na kamera. Ilitokana na hesabu ambayo wahandisi huiita mbinu ya elementi finiti. Maana yake ni mbinu ya vipande vyenye ukomo, na sisi leo tutaiita hesabu ya vipande vidogo. Tutaieleza kama tulivyoielewa wenyewe, na mainjinia waliomo ukumbini watatusahihisha wakati wa chakula.

Tuseme babu amekuachia shamba kijijini, na mpaka wake umepindapinda ukifuata mto. Shuleni hatukufundishwa kanuni ya eneo la umbo kama hilo. Lakini eneo la pembetatu kila mtoto analijua: nusu ya kitako mara kimo. Basi unaligawa shamba lote katika pembetatu, unatafuta eneo la kila moja, unajumlisha. Ukitumia pembetatu kubwa, mapengo yatabaki kando ya mto. Ukitumia ndogo zaidi, mapengo yanapungua na jibu linaukaribia ukweli. Haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu ya vipande hufanya vivyo hivyo, ila haitafuti ukubwa wa shamba. Inatafuta jinsi kitu kinavyobonyea au kuvutika kikibeba mzigo. Inaweza pia kutafuta joto linavyosambaa au maji yanavyopita. Hapa fikirini wavu wa mvuvi. Kila fundo limefungwa na mafundo jirani. Ukivuta fundo moja, jirani zake wanasogea, na jirani wa jirani nao wanasogea kidogo, hivyo hivyo hadi ukingoni. Wahandisi wenyewe huuita mgawanyo huo wavu.

Kompyuta huambiwa mambo mawili juu ya kila kipande: umbo lake na ugumu wake. Halafu kila fundo lina sharti moja. Kwa kuwa mtu aliyelala ametulia, nguvu zote zinazolisukuma na kulivuta fundo hilo lazima zilingane. Fundo linaweza kusogea juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa hiyo kila fundo linaleta milinganyo mitatu. Wavu wenye mafundo 100,000 una milinganyo 300,000, na yote inategemeana, kwa hiyo lazima itatuliwe kwa pamoja. Hakuna mtu wa kuimaliza hiyo kwa kalamu. Kompyuta ndiyo inayoimaliza, kisha inapaka rangi kila kipande kulingana na kilivyoumizwa.

Ilikotoka

Hesabu hii haikuanzia hospitali. Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant, aliyeikimbia Ujerumani ya akina Hitler akaishia New York, aliandika juu ya kutatua tatizo gumu kwa kuligawa eneo katika pembetatu. Baada ya vita, watengenezaji wa ndege walitaka kujua bawa litapinda kiasi gani, na mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia yao ya kulikokotoa kipande kwa kipande. Mwaka 1960 Ray Clough ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina lake la sasa. Muda si mrefu yeye na wenzake wakaitumia kuchunguza bwawa la Norfork huko Arkansas, Marekani, ambalo zege lake lilikuwa na ufa. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao kwanza walitaka kujua ufa ule unaudhoofisha ukuta kwa kiasi gani.

Sehemu ya historia hiyo iko nchi hii hii tunayoishi. Olek Zienkiewicz alizaliwa Uingereza mwaka 1921, akalelewa Poland, na Vita Kuu ya Pili vikamrudisha huku akiwa kijana mkimbizi. Mwaka 1961, mwaka ule ule bendera yetu ilipopandishwa, alichukua uongozi wa idara ya uhandisi wa majengo na miundo pale Swansea, Wales. Akaufanya mji ule wa bandari kuwa kituo ambacho watafiti wa dunia nzima walikwenda kujifunza hesabu hii. Mwaka 1967 alitoa kitabu akishirikiana na Y. K. Cheung, aliyetoka Hong Kong, na kitabu hicho kikawasomesha mainjinia wa nchi nyingi. Vijana, liangalieni hilo. Mkimbizi mmoja na mgeni mwingine, katika mji mmoja wa Wales, waliwafundisha wenyeji na ulimwengu.

Mwaka 1972 watafiti wa Uholanzi wakaipeleka hesabu hiyo kwenye mfupa wa paja. Mfupa nao unabeba mzigo, unapinda, na ukizidiwa unavunjika. Tangu hapo imetumika kubuni nyonga za bandia na meno ya bandia, na kuchunguza vijibomba vinavyowekwa kuzibua mishipa ya moyo. Inawezekana nyonga aliyowekewa mama yetu ilipimwa kwa hesabu hiyo kabla haijatengenezwa. Kidonda chake, ole wetu, kilitoka mahali ambapo hesabu hiyo hiyo ilikuwa imeshaangaza.

Kwa nini mtafiti anaihitaji

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasipime moja kwa moja? Sababu ni kwamba yapo mambo yasiyopimika bila kumdhuru mtu. Zipo shuka maalumu za kupima mgandamizo, unazitandika juu ya godoro. Lakini zinapima kati ya ngozi na godoro tu. Ndani, kwenye msuli ulio juu ya mfupa, huwezi kuchomeka vipimo kila sentimita kwa mgonjwa. Wala hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kumlaza bibi wa watu saa sita bila kumgeuza ili uone kidonda kinaanzia wapi.

Hapo ndipo hesabu inaposaidia. Mtafiti anampiga mtu wa kujitolea picha ya MRI, inayoonyesha mfupa, msuli, mafuta na ngozi bila kumkata. Anaigawa picha hiyo katika vipande. Anaiambia kompyuta ugumu wa kila aina: mfupa ni mgumu kuliko msuli kwa maelfu na maelfu ya mara, na mafuta nayo yana ulaini wake. Anaweka uzito wa mwili juu na godoro chini, kisha anatafuta jibu. Akitaka, anabadilisha godoro, anamkondesha mtu au anainua kichwa cha kitanda, na anarudia hesabu bila binadamu yeyote kuumia.

Mwaka 2007 kundi la Amit Gefen la Chuo Kikuu cha Tel Aviv lilichapisha utafiti wa namna hiyo. Waliwapiga picha watu 6 wazima wakiwa wameketi, kisha wakafanya hesabu kwa kila mmoja. Walikuta msuli ulio chini ya mifupa ya kukalia umebanwa zaidi ya nusu ya unene wake, tena umebanwa kuliko mafuta yaliyo chini yake karibu na ngozi. Huko Eindhoven, Uholanzi, kundi la Cees Oomens liliunganisha hesabu na majaribio ya panya waliopigwa picha za MRI. Wakaona kwamba msuli ukibonyezwa sana unaanza kuharibika ndani ya saa 2, wakati kukatika kwa damu peke yake kwa muda huo huo hakukuacha madhara kama hayo.

Sisi chuoni tulifundishwa kwamba kidonda cha kulalia hutokea kwa sababu damu imezuiwa kupita. Hilo bado ni kweli, ila huchukua saa nyingi. Kule kubonyezwa na kuvutwa kwenyewe kunaua chembe hai kwa haraka zaidi, na kadiri kubonyea kunavyozidi ndivyo muda wa kuvumilia unavyopungua. Fikirini embe lililoiva. Ukilibonyeza kwa kidole, ganda linabaki zima, hata doa halina. Ukilimenya kesho unakuta ndani pamevurugika. Kwa mgonjwa, kidole kinachobonyeza ni mfupa wake mwenyewe, kutoka ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Rangi ya ngozi

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuuma zaidi. Katika picha ile ya kompyuta ngozi haikuwa ya Mzungu wala ya Mwafrika. Ilikuwa ngozi tu, yenye unene na ugumu wake. Nyekundu ya ndani ilikuwa pale pale kwa kila mtu. Mfupa hauchagui.

Tofauti iko kwenye dalili tuliyofundishwa kuisubiri. Dalili hiyo ni wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeupe unaonekana mapema, hata kwa muuguzi aliyechoka mwisho wa zamu ya usiku. Kwenye ngozi kama ya mama yetu wa Tanga huenda usionekane kabisa. Imeandikwa katika tafiti nyingi kwamba watu wenye ngozi nyeusi hugunduliwa vidonda vikiwa tayari vimefika hatua ya mbele. Sisi tulikuwa na ngozi kama yake, tukafundishwa kwa picha za ngozi isiyokuwa yetu, tukasubiri rangi ambayo haikuwa inakuja.

Miongozo ya kimataifa ya sasa inaelekeza kwamba kwa ngozi nyeusi mtu asitegemee macho peke yake. Tumia mkono. Weka nyuma ya kiganja juu ya mfupa, kisha pembeni yake, ulinganishe. Je, pana joto zaidi au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope, kuliko jirani yake? Mgonjwa anashtuka ukigusa? Ngozi inang'aa, imevimba, au imekuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa jana? Taa nayo iwe ya kutosha. Muulize mgonjwa mwenyewe, na akisema "Sijambo mwanangu," muulize tena kwa namna nyingine: "Mama, wapi panawaka? Wapi unatamani tukuinue?" Wazee wetu hawalalamiki, lakini ukiwaelekeza hivyo watakujibu.

Mipaka ya hesabu

Hatutaki mwondoke hapa mkidhani kompyuta ni mganga anayejua yote. Upandacho ndicho uvunacho. Ukiiambia ugumu usio sahihi wa msuli, itakupa jibu lisilo sahihi, tena kwa rangi nzuri za kuvutia. Mhandisi mwaminifu hufanya mambo mawili. Kwanza, anaongeza vipande na kurudia hesabu: jibu likibadilika sana, vipande vilikuwa vikubwa mno, likitulia, wavu unatosha. Pili, analinganisha jibu na kitu kilichopimwa kweli, kama picha ya MRI ya mtu akiwa ameketi, aone kama msuli umebonyea kama hesabu ilivyosema.

Kuna mpaka mwingine. Watu 6 wazima si bibi mwenye miaka 80 na kisukari. Msuli wa mzee umepungua na mfupa wake umechomoza. Mtu mwembamba ana nyama kidogo kati ya mfupa na kitanda. Mnene naye hajanusurika, maana uzito wake mwenyewe unabonyeza zaidi. Watafiti wanahitaji miili ya kila namna kwenye hesabu zao, na sisi Waafrika tulioko huku mara nyingi hatumo. Ukialikwa kwa utaratibu halali kupigwa picha kwa ajili ya utafiti, usikimbie kwa hofu tu. Uliza maswali yote, soma karatasi ya ridhaa, shauriana na familia. Kukataa ni haki yako, na kukubali kunaweza kumsaidia bibi wa mwenzio.

Ya kufanya nyumbani

Wengi humu tunalea wazee, wengine tunafanya kazi katika nyumba za wazee, na wengine tunatuma fedha na vifaa kwa walioko nyumbani. Haya ndiyo tunayowaomba.

Kwanza, msiweke duara chini ya mgonjwa. Tumeona watu wakitumia mpira wa ndani wa gari, au wakisokota nguo kama kata ya kubebea ndoo, ili kidonda "kipate hewa". Miongozo inakataza, kwa sababu ukingo wa duara unabonyeza na kuvuta nyama pande zote na kuzuia damu. Ukitaka kutuma kitu nyumbani, tuma mito ya kawaida na godoro zuri la sponji.

Pili, msisugue wala kuchua kwa nguvu mahali penye mfupa palipobadilika. Tunajua nia ni njema na mafuta ya nazi yamo ndani. Lakini kama nyama ya ndani imeshapondeka, kuichua ni kuiponda mara ya pili. Mafuta pakeni taratibu, bila kukandamiza.

Tatu, inueni visigino. Wekeni mto chini ya ndama za miguu, kisigino kining'inie hewani bila kugusa kitanda. Kisigino ni mfupa wenye nyama kidogo sana chini yake.

Nne, mkimlaza ubavu, msimlaze kama ubao uliosimama, maana uzito wote unaangukia mfupa wa nyonga. Mwinamisheni kidogo tu, kiasi cha nyuzi 30, na mto mgongoni. Shusheni kichwa cha kitanda kiwe chini ya nyuzi 30 kama hali yake inaruhusu. Kikiwa juu, mwili unateleza kwenda chini huku ngozi imeng'ang'aniwa na shuka, na nyama ya ndani inavutwa katikati ya mfupa na ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo msimburute kitandani; mwinueni watu wawili kwa shuka.

Tano, mgeuzeni. Tulizoea kusema kila baada ya saa 2 kwa watu wote. Sasa ratiba inapangwa kwa kila mtu, kulingana na godoro lake, uwezo wake wa kujisogeza na hali ya ngozi yake, na muuguzi wenu atawasaidia kuipanga. Anayeketi kwenye kiti naye asogezwe au ajiinue mara kwa mara. Godoro la hewa linasaidia, lakini halimgeuzi mtu.

Sita, mkiona jambo, semeni siku hiyo hiyo. Kama uko hospitali na mzazi wako, mwambie muuguzi, "Hapa pana joto na pamekuwa pagumu, tafadhali gusa." Usiogope kwamba utaonekana msumbufu. Sisi tungeshukuru sana kama mtu angetuambia hivyo siku ya pili.

Mkiangalia, mengi ya hayo hayana gharama. Ni mito, mikono na saa ya ukutani. Yanafanyika hapa, na yanafanyika Tanga, Tabora na Newala.

Kwa vijana

Vijana wetu, tunawasikia mkisema hesabu haina faida, kwamba pembetatu hamtazikuta popote baada ya mtihani. Pembetatu zile zimo ndani ya bawa la ndege iliyowaleta wazazi wenu, zimo kwenye mabwawa, na zimo kwenye makalio ya bibi yenu. Tunahitaji wauguzi kati yenu. Tunahitaji pia wahandisi watakaokaa na wauguzi na kuwauliza wagonjwa wao wanaumia wapi, maana siku ile ya mafunzo mhandisi alituambia kwamba maswali yake yote mazuri aliyapata wodini.

Ndugu zetu, kabla ya kuandika hotuba hii tulimpigia simu binti wa yule mama. Mama bado yupo Tanga, anatembea kwa mkongojo, na anawasalimu. Tulimwambia binti kwamba sasa tunalo jibu la swali lake. Tulimwambia: "Dada, tulikuwa tunaangalia rangi ya ngozi, na kidonda kilikuwa chini yake, kwenye mfupa. Tulipaswa kugusa. Tusamehe."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimewasamehe zamani. Ila waambieni na wengine."

Basi ndiyo tumewaambia.